Damu ya kwenye picha

Mama yangu ana ushahidi, na ushahidi wenyewe ni picha. Ilipigwa studio moja ya Ngamiani, binti wa kaka yangu akiwa na miezi minne: kanona, mapaja yana mikunjo, kavishwa gauni la njano na kofia ya kufuma, anamcheka mpiga picha. Miaka yote hii picha hiyo imekaa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwetu Makorora, Tanga. Mgeni akiuliza hali ya mjukuu, mama huishusha, huifuta vumbi kwa ncha ya kanga, kisha husema, "Tazama. Huyu alizaliwa mzima. Walimharibu baadaye."

Hao waliomharibu walibadilika mwaka hadi mwaka. Mara ni jirani aliyembeba bila kusema mashallah, mara ni watu wa ukoo wa mama yake. Wifi yangu ameyasikia yote hayo akiwa jikoni, mwiko mkononi, na akanyamaza kama walivyofundwa wanawake wa kwetu kunyamaza mbele ya mavyaa. Mimi sikunyamaza. Nilikuwa nabishana na mama kila Idi.

Mimi ni mtu wa maabara, miaka 16 sasa, na nilikuwa na haraka ya kumwambia kwamba kakosea. Selimundu, ugonjwa wa damu alio nao binti, ni wa kurithi. Mtoto huingia nao duniani, kapewa jeni moja na baba na nyingine na mama, kwa hiyo kaka yangu ana sehemu yake sawasawa na wifi, wala hakuna jirani aliyeleta kitu. Hayo ni kweli na sijayaacha. Kilichonichukua muda ni kukubali kwamba mama naye anasema kweli. Picha ile haidanganyi. Siku ile, miezi ile, mtoto alikuwa mzima.

Basi ilikuwaje mtu azaliwe na ugonjwa halafu ugonjwa umsubiri?

Alipofika miezi minane, alfajiri moja aliamka analia kilio ambacho si cha njaa. Viganja na nyayo zimevimba, vidole vimejaa kama maandazi, ukimgusa anaruka. Zahanati moja ikamtibu malaria. Baada ya wiki mbili ikamtibu malaria tena, na mara ya tatu vilevile, hadi macho yakawa ya njano na bandama ukiipapasa inapita mbavu. Ndipo nikambeba mwenyewe hadi maabara niliyokuwa nikifanya kazi wakati ule, nikamtoa damu mwenyewe, na kipimo nikakifanya mwenyewe usiku, wenzangu wameshakwenda.

Kipimo hicho kinaitwa elektroforesi. Unazipasua chembe nyekundu ili himoglobini, protini inayobeba oksijeni, itoke, unaweka tone dogo sana kwenye utepe mweupe uliolowekwa kwenye maji yenye alkali, kisha unapitisha umeme. Himoglobini zinaanza safari, kila aina kwa mwendo wake. A, ile ya mtu mzima asiye na selimundu, hukimbia mbele. F, ya mtoto wa tumboni, huifuata. S, ya selimundu, hubaki nyuma ya F. Ukitia rangi, mistari myekundu inajitokeza, nawe unasoma kama mtu asomaye majina mlangoni. Usiku ule mahali pa A palikuwa peupe kabisa. S ilikuwa nene, nyeusi karibu. Na kati ya hizo mbili palikuwa na mstari wa F, bado unaonekana vizuri, lakini kingo zake zimeanza kupauka.

Nilirudia kipimo alipotimiza miaka miwili. F ilikuwa imebaki uzi. Sikulijua hilo kwa maneno wakati ule, ila sasa naweza kusema: nilikuwa naitazama picha ya juu ya kabati ikifutika kwenye utepe.

Himoglobini moja ni minyororo minne ya protini iliyoshikana. Kwa mtu mzima ni miwili ya alfa na miwili ya beta. Selimundu ni kosa la herufi moja tu ya DNA, maandishi ya urithi, kwenye jeni ya beta: mahali penye herufi A pamekaa herufi T (A hii si ile ya himoglobini), na kwa kosa hilo kiungo cha sita cha mnyororo kinakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Chembe ikishatua oksijeni, himoglobini zenye kosa hilo hunasana, hujipanga fimbo fimbo, na chembe hukunjika kama mundu. Lakini mtoto wa tumboni hatumii beta. Anatumia gama, na gama haina kosa hilo. Isitoshe, ikiwemo ndani ya chembe, huzizuia S zisinasane vizuri. Mtoto anapozaliwa, kiasi cha robo tatu ya himoglobini yake bado ni hiyo ya gama. Inamlinda miezi kadhaa. Kisha inapungua, beta inachukua nafasi, na ndipo ugonjwa unapata mlango. Daktari Janet Watson wa Brooklyn, Marekani, aliliona hili mwaka 1948: watoto wachanga wenye selimundu hawaumwi, akadhani sababu ni himoglobini yao ya utotoni. Alidhani sawa.

Nilimweleza mama hivyo. Akasikiliza, akaitazama picha, akasema, "Kumbe nilisema." Nikamwacha na ushindi wake, kwa sababu ulikuwa wa haki.

Swali gumu zaidi likaja mwaka huu, na halikutoka kwa mama. Binti mwenyewe yuko kidato cha kwanza. Jioni moja, yuko kitandani na chupa ya maji ya moto mgongoni, maumivu yameanza kumwachia, akaniuliza, "Shangazi, hiyo damu yangu ya utotoni ilikwenda wapi?"

Nikamjibu bila kufikiri: haikwenda popote. Jeni ya gama unayo hadi leo, nzima, karibu kila seli ya mwili wako inayo. Imenyamazishwa tu.

"Nani kainyamazisha?"

Hapo sikuwa na jibu la kumpa mtoto. Nilikuwa na maneno ya darasani, na maneno ya darasani hayamtoshi mtu anayeuliza habari za damu yake mwenyewe. Ndiyo nikaanza kusoma upya.

Jeni za kundi la beta zinakaa kwenye kromosomu ya 11, na zinakaa kwa mpangilio unaokufanya useme subhanallah. Zimejipanga mstari mmoja kwa kufuata umri wa mtu. Kwanza epsiloni, inayotumika wiki za mwanzo kabisa za mimba. Zinafuata gama mbili, pacha, za mtoto wa tumboni. Kisha delta, ambayo hutoa kidogo sana. Mwisho beta, ya maisha yaliyobaki. Ni kama nyumba tano za mtaa mmoja, taa inawaka ya kwanza, inazima, inawaka ya pili, hadi ya mwisho. Swichi iko wapi?

Zamani jibu lilionekana wazi: swichi ya jeni iko mlangoni pa jeni. Kila jeni ina kipande cha DNA mwanzoni mwake ambapo mashine ya kunakili hushika na kuanza kazi. Ikiwa jeni haifanyi kazi, kasoro itafute kwenye jeni yenyewe au pale mlangoni. Wahenga nao wako upande huo: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akapatikana mgonjwa mmoja wa Uholanzi. Alikuwa na talasemia, maana yake mnyororo wa beta ulikuwa pungufu katika damu yake. Watafiti wakaichukua jeni ya beta kutoka kwenye kromosomu yake mbovu wakaichunguza. Waliikuta nzima. Mlango wake mzima. Kilichokuwa kimepotea ni kipande kikubwa cha DNA huko kabla ya jeni, kipande ambacho hakikuigusa beta hata kidogo. Na bado beta ilikuwa kimya, kama taa mpya isiyofikiwa na umeme.

Huyu mtu, ambaye sijui hata jina lake, namfikiria sana. Alikuwa na jeni nzima na damu pungufu. Kwa kipimo chochote cha kusoma jeni peke yake angeambiwa hana tatizo.

Baadaye kidogo, katikati ya miaka hiyo ya 1980, wengine walikuwa wakitumia kimeng'enya kinachokata DNA mahali palipo wazi. DNA ndani ya seli imezungushiwa protini kama uzi kwenye kijiti, na sehemu kubwa imefungwa, haikatiki kirahisi. Kwenye chembe zinazokomaa kuwa chembe nyekundu, wakaona sehemu tano zilizo wazi mno, zinakatika upesi kuliko mahali pengine pote. Ajabu ni mahali zilipo: kabla ya epsiloni, nje ya mtaa wenyewe. Kutoka huko hadi kwenye beta ni safari ya herufi elfu 50 hivi. Na kwenye seli za viungo vingine, sehemu hizo zimefungwa.

Mwaka 1987 Frank Grosveld na wenzake, wakiwa London, wakafanya jaribio ambalo mimi nalihesabu kuwa zuri kuliko yote katika habari hii. Kabla yao watu walikuwa wameshapandikiza jeni ya beta ya binadamu kwenye panya, wakapata matokeo ya kukatisha tamaa: panya mmoja anatoa kidogo, mwingine hatoi kabisa, kutegemea jeni imeangukia wapi kwenye kromosomu. Grosveld akaipandikiza jeni pamoja na vipande vile vya mbali. Panya wote wakatoa beta ya binadamu kwa wingi, karibu sawa na jeni za panya wenyewe, na jeni ikiwa nakala mbili inatoa mara mbili, popote ilipoangukia. Eneo lile likaja kuitwa kwa Kiingereza LCR; mimi nimezoea kuliita eneo la amri. Eneo hilo halina maelekezo ya kutengeneza protini ya globini. Kazi yake ni kuamrisha, na lile la mgonjwa wa Uholanzi ndilo lililokuwa limekatika.

Kwa hiyo fimbo ya mbali inaua nyoka. Lakini inamfikiaje?

Nilifanya hesabu kwenye karatasi ya nyuma ya daftari la maabara. Herufi moja ya DNA ina kimo cha nanomita 0.34. Herufi elfu 50 zikinyooshwa ni mikromita 17. Chembe nyekundu niizoeayo mimi chini ya darubini ina upana wa mikromita saba na kitu. Yaani kamba ya kutoka eneo la amri hadi kwenye beta, ikinyooshwa, ni zaidi ya upana wa chembe mbili zilizowekwa bega kwa bega. Ndani ya kiini cha seli hilo ni umbali mkubwa. Watu walibishana miaka mingi: wengine walisema amri inatambaa juu ya DNA hatua kwa hatua kama chungu; wengine, kwamba inaruka.

Jibu nililoweza kumpa binti nililipata Sahare, na sikulitafuta.

Baba yangu mdogo ni mvuvi, na ngalawa yake huipandisha pale ufukweni. Tulikwenda kununua changu Jumamosi moja, maji yametoka, yeye ameketi juu ya mtumbwi anatengeneza amari yake. Kamba ya nanga sisi tunaiita amari. Vijana wote siku hizi wana za nailoni. Ya mzee bado ni ya katani, ya mkonge wa mashamba ya hapahapa, imeshakuwa nyeusi kwa chumvi. Ilikuwa imetandazwa mchangani kukauka, nanga upande mmoja, na mbali kabisa kule, hatua nyingi, kitambaa chekundu kimefungwa.

"Shikamoo babu. Kile kitambaa cha nini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Alama ya pima. Usiku huoni kitu, unapapasa, mkono ukikikuta unajua nanga imeshafika."

Akaanza kuikunja. Akashika upande wa nanga, akazungusha duara moja juu ya lingine, mkono wa kushoto unapokea, wa kulia unavuta, kwa utaratibu ule wa mtu aliyefanya jambo moja miaka 50. Kamba ikaja, ikaja. Binti alikuwa amechuchumaa pembeni. Ghafla akanishika mkono. "Shangazi, tazama. Kimefika."

Kitambaa chekundu kilikuwa kimelala juu ya pete ya nanga.

Hicho ndicho kinachotokea. Mwaka 2002 kundi la watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, akiwemo Wouter de Laat, walilionyesha kwa panya. Walitumia fomalini, ileile tunayohifadhia vipande vya nyama vinavyotoka chumba cha upasuaji, kwa sababu fomalini hugandisha vitu vilivyogusana pale vilipo. Unagandisha, unakata DNA vipande, unaunganisha ncha zilizokuwa jirani, kisha unasoma nani kaunganishwa na nani. Kwenye seli zinazotengeneza damu, eneo la amri na jeni ya beta iliyokuwa inafanya kazi vilikutwa vimegusana, na DNA ya katikati imening'inia nje kama kitanzi. Kwenye seli za ubongo wa panya huyohuyo, DNA ileile, hakuna kitanzi.

Wahenga basi wamesimama. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Inaletwa karibu kwanza, kwa kukunja kamba. Na kwa sisi wasemaji wa lugha hii jambo hili limekaa kwenye ulimi siku zote: amri na amari zimetengana herufi moja.

Nilimweleza binti palepale, harufu ya samaki na lami ya kuzibia mtumbwi imetuzunguka. Kila herufi tukiifanya milimita moja, kutoka eneo la amri hadi beta ni mita 50, pima 27 hivi. Ni amari ya mvuvi wa maji marefu. Protini kadhaa zinakaa kwenye sehemu zile tano, nyingine zinakaa kwenye mlango wa jeni, na kuna moja, LDB1, ambayo kazi yake ni kushikana na mwenzake upande wa pili, kama mikono miwili inayosalimiana, na kamba ikabaki imekunjwa.

Sasa jambo lenyewe linalomhusu yeye. Eneo la amri lina mkono mmoja. Haliwezi kushika gama na beta kwa nguvu sawa wakati mmoja. Likienda huku, kule kunapoa. Kwa mtoto wa tumboni linashika gama. Baada ya kuzaliwa linahamia beta. Hakuna aliyeiharibu gama. Mkono umehamia nyumba ya jirani, na nyumba hiyo kwake yeye ndiyo yenye kosa la herufi moja.

Je, unaweza kurudishwa? Mwaka 2014 Gerd Blobel na wenzake wa Philadelphia walichukua LDB1 wakaifungia kwenye protini iliyotengenezwa ikashike mlango wa gama, kwenye seli za damu za watu wazima zilizokuzwa maabara. Kitanzi kikahama. Gama ikaamka, na beta ikapungua kwa kiasi hichohicho. Niliisoma sehemu hiyo mara mbili, nikaweka simu chini, nikatoka nje kukaa barazani. Nilikuwa namfikiria mtoto mwenye kofia ya kufuma.

Yupo pia bawabu. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba kuna watu wazima, wazima wa afya, ambao F yao haikushuka. Na ilijulikana kwamba selimundu ya watu wengi wa mashariki ya Uarabuni na wa India ni nyepesi kuliko yetu, kwa kuwa F yao iko juu, wakati aina ya jeni iliyoenea huku kwa Wabantu huja na F ya chini. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliolinganisha DNA za watu wengi wakakuta alama ya tofauti hiyo mahali pasipotarajiwa: kromosomu ya 2, ndani ya jeni iitwayo BCL11A. Protini yake ndiyo inayokaa mlangoni pa gama na kuufunga. Wataalamu wa Muhimbili, akiwemo Profesa Julie Makani, walichapisha mwaka 2011 kwamba kwa wagonjwa wetu wa Tanzania pia BCL11A ni miongoni mwa vinavyoamua F ya mtu iwe juu au chini. Nalitaja hili kwa fahari. Damu iliyosomwa ilikuwa ya watu wetu, na baadhi ya walioisoma ni watu wetu.

Ungesema basi, mfukuze bawabu. Haiwezekani kirahisi, maana BCL11A inahitajika kwenye ubongo na kwenye seli za kinga. Hapo hadithi inajirudia kwa namna iliyonishangaza. Bawabu naye ana amri yake ya mbali. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba BCL11A, kwenye seli za damu nyekundu peke yake, inawashwa na kipande cha DNA kilicho herufi elfu 58 hivi kutoka mwanzo wa jeni. Ukikiharibu kipande hicho, bawabu anaondoka kwenye damu tu. Kwingine anabaki kazini.

Tiba iliyoruhusiwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, Casgevy, inafanya hivyohivyo. Wanachukua seli mama za damu za mgonjwa, wanazikata kwa CRISPR, mkasi wa kukata DNA mahali palipochaguliwa, kwenye kile kipande cha mbali, wanausafisha uloto wa mifupa yake kwa dawa kali, kisha wanamrudishia. Jeni ya selimundu yenyewe hawaigusi. Kosa la herufi moja linabaki pale lilipo hadi mtu anakufa, lakini gama imerudi, na maumivu kwa wengi wao yamekoma.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Sitaki kulipita hilo haraka. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Jeni hii iko kwetu kwa wingi kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye nakala moja ya S hupata kinga. Na malaria na Tanga ni majirani wa siku nyingi. Kule Amani, milimani juu ya Muheza, kulianzishwa kituo cha utafiti mwaka 1902 enzi za Wajerumani, na baadaye kikawa cha malaria. Watu wa wilaya ile wametolewa damu kwa ajili ya sayansi kizazi baada ya kizazi. Mahali ambapo elimu hii imechotwa panastahili kunywa maji yake. Ninaamini hivyo, na nitalisema kila nitakapopewa nafasi.

Kilichopo leo si haba, hata hivyo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, ikiwa ndugu anafaa kuchangia. Na kipo kidonge cha haidroksiyurea. Kilianza kama dawa ya saratani, jambo lililomtisha mama hadi akakificha kwenye chungu cha ubani. Lakini kinapandisha F. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikipima kwa watoto wa nchi nne za Afrika, na kituo kimojawapo kilikuwa Kilifi, ng'ambo ya mpaka tu hapo. Watoto waliokitumia walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Binti amekitumia miaka minne. F yake ilikuwa asilimia 5, sasa ni 16. Kila ninapopima naanza kutazama mstari huo kabla ya mingine, na mstari unanenepa.

Jumamosi ile, kabla hatujaondoka, alimwomba babu yake kipande cha katani. Mzee akamkatia kama pima mbili. Usiku nikamkuta ameketi sakafuni sebuleni, mkasi na khanga kuukuu pembeni. Amefunga vitambaa vitano vyekundu ncha moja, vimebanana. Kisha ameacha nafasi, akapiga mafundo matano: epsiloni, gama, gama, delta, beta. Anataka kuwaonyesha wenzake darasani. Alikuwa anaikunja na kuikunjua, vitambaa vinagusa fundo la mwisho, kisha anavivuta nyuma vinagusa la pili.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, tasbihi mkononi, anamtazama muda mrefu bila kusema. Kisha akainama, akaichukua ile kamba, akaipitisha vidoleni taratibu, fundo kwa fundo, kama ahesabuye.

"Lipi la kwenye picha?"

Binti akamshika kidole akakiweka kwenye fundo la pili. "Hili, bibi. Na hili la tatu. Ni pacha."

Mama akayabana yote mawili kwa dole gumba, akamwita wifi yangu aje kutoka jikoni aone.